Repo siyo rejistri, na akaunti siyo repo

Sentensi inayonichosha hapa Arusha, kuanzia ofisi za mifumo ya watalii kule Njiro hadi kwa vijana wanaojifunza wenyewe kwa bando la usiku, ni hii: "Imeji nimeshaiweka kwenye repo." Ukiuliza repo ipi, unajibiwa "Docker Hub". Ukiuliza akaunti ya nani, unajibiwa "ya ofisi, si ile repo yetu?" Kila mmoja anaondoka akiamini ameelewana na mwenzake, na kesho yake seva inagoma kushusha imeji ambayo watu wawili wanaapa kwamba ipo.

Maana kwanza, haraka haraka. Imeji ya kontena ni kifurushi cha programu pamoja na vyote inavyohitaji ili iwake: maktaba zake, mafaili yake, mipangilio ya kuanzia; kikiwashwa ndiyo kontena. Rejistri ni huduma inayopokea imeji, kuzitunza na kumpa anayeomba. Docker Hub ni rejistri, Quay.io, ghcr.io ya GitHub, na hata Harbor uliyoisimika mwenyewe kwenye seva ya ofisini, zote ni rejistri. Akaunti ni utambulisho wako mbele ya rejistri: wewe ni nani na umeruhusiwa nini. Ripozitori, tunayoiita repo, ni jina moja ndani ya rejistri ambalo chini yake hukaa matoleo ya imeji moja. Tagi ni lebo ya kulitaja toleo. Basi, hiyo inatosha. Shida haiko kwenye maana ya kila kimoja, iko kwenye mipaka yake.

Mipaka hiyo yote imeandikwa ndani ya jina la imeji, ila watu hawalisomi lote. Chukua jina hili:

docker.io/jinalako/risiti:1.4

Kipande cha kwanza, docker.io, ni rejistri. Cha pili, jinalako, ni mwenye mali, ambaye anaweza kuwa mtu mmoja au shirika lenye watu kadhaa. Cha tatu, risiti, ndicho kinachokamilisha jina la repo, kwa hiyo repo yenyewe ni jinalako/risiti. Baada ya nukta mbili inakuja tagi. Hakuna hata kipande kimoja hapo kinachoweza kushika nafasi ya kingine. Mtu anayesema "repo yetu ni Docker Hub" ametaja kipande cha kwanza akidhani ametaja cha tatu.

Kinachowapoteza watu ni kwamba Docker, programu ya kujenga na kuendesha kontena, inakuruhusu kulikata jina. Ni sawa na kuandika S.L.P. 310 juu ya bahasha bila kutaja mji, wakati sanduku la namba hiyo linaweza kuwepo Moshi na Arusha pia. Karani wa posta angekurudishia bahasha. Docker haikurudishii kitu, inakujazia mji kimyakimya. Usipotaja rejistri, inaweka docker.io. Usipotaja mwenye mali, inaweka library. Usipotaja tagi, inaweka latest. Ndiyo maana ukiandika "docker pull nginx", yaani shusha imeji iitwayo nginx, mambo yanakwenda vizuri: umeomba docker.io/library/nginx:latest bila kujua kwamba umeomba maneno mengi kiasi hicho. (Podman, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, kwa taarifa yako haina papara hiyo. Inaangalia orodha ya rejistri ulizoziweka kwenye mipangilio, na zikiwa zaidi ya moja mara nyingi inakuuliza uchague. Wanaohamia Podman huona kero. Mimi naona adabu.)

Sasa angalia kinachotokea wakati wa kupandisha. Kijana amejenga imeji yake, ameipa jina "risiti", ameingia kwa "docker login" na akaambiwa amefanikiwa. Anaandika "docker push risiti". Mistari ya juu ya majibu inamwambia kwamba anapandisha kwenda docker.io/library/risiti. Mistari hiyo haangalii. Macho yake yanakwenda chini kabisa, palipoandikwa "denied: requested access to the resource is denied". Hapo anaanza safari ndefu: anatoka na kuingia tena, anabadilisha nywila, anafungua akaunti nyingine, anamlaumu mtoa huduma wa intaneti. Kumbe nywila iko sawa na akaunti iko sawa. Alichofanya ni kujaribu kupandisha risiti yake kwenye eneo la library, ambalo ni la imeji rasmi za Docker Hub: nginx, postgres, debian na wenzao. Pale hakuna mgeni anayepandisha kitu.

Dawa ni mstari mmoja: "docker tag risiti jinalako/risiti:1.4", halafu push kwa jina hilo hilo zima. Amri hiyo ya tag hainakili imeji wala haijazi diski. Inaipa imeji ile ile jina la pili, basi. Na kama imeji inatakiwa iende ghcr.io, jina lianze na ghcr.io, na uingie huko kwa "docker login ghcr.io". Kuingia Docker Hub hakukusaidii chochote kwenye rejistri nyingine. Akaunti ni za rejistri na rejistri, hakuna akaunti ya "Docker" inayokufungulia milango yote.

Mkanganyiko wa pili unatoka GitHub, na huu naweza kuuelewa. Watu wengi walikutana na neno repo kwenye Git, programu ya kutunza msimbo na historia yake, kabla hawajaisikia kontena, kwa hiyo wakiambiwa "repo" wanaona msimbo, matawi na historia ya nani alibadilisha nini. Repo ya imeji haina hayo. Haina matawi, haina kuunganisha kazi za watu wawili, haikuonyeshi mstari uliobadilika. Ina imeji zilizokwisha kujengwa, na lebo juu yake. Kwenye ghcr.io mambo yanachanganya zaidi kwa sababu imeji inaweza kufungamanishwa na repo ya Git, lakini mwenye imeji bado ni akaunti ya mtu au shirika. Nimeona mtu akifuta tawi kwenye Git akiamini amefuta imeji yenye jina hilo. Imeji ilikuwa bado ipo, na seva iliendelea kuishusha bila wasiwasi.

Mahali ambapo tofauti ya akaunti na repo inauma kweli ni kwenye usiri. Uwazi au ufichwaji hupangwa kwenye repo. Akaunti yako kuwa na nywila ndefu hakuifichi repo. Ukipandisha kwenye repo ambayo haipo, Docker Hub inaitengeneza papo hapo, na kama hukubadilisha mpangilio wa akaunti, inazaliwa ikiwa wazi kwa dunia nzima. Kama ndani ya imeji ulinakili faili la .env lenye nywila za hifadhidata, umezichapisha. Na usidhani kulifuta faili kwenye hatua inayofuata ya Dockerfile (faili la maelekezo ya kujengea imeji) kunasaidia, kwa sababu imeji ni matabaka, na tabaka la chini linabaki lilivyo hata kama la juu linasema faili limeondolewa. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, walichunguza imeji zaidi ya 337,000 na kukuta asilimia 8.5 zina siri ndani yake, funguo binafsi na tokeni za huduma mbalimbali. Waliozipandisha wengi wao bila shaka walikuwa na akaunti zenye nywila nzuri tu.

Hapo unazaliwa ujanja mmoja ambao umeenea mjini. Akaunti ya bure ya Docker Hub inakupa repo moja tu iliyofungwa, yaani isiyoonekana na watu wa nje. Basi ofisi yenye programu tatu inazisukumia zote kwenye repo hiyo moja na kuzitofautisha kwa tagi: jinalako/vyote:api, jinalako/vyote:tovuti, jinalako/vyote:malipo. Inafanya kazi, siwezi kusema haifanyi. Lakini tagi ilikuwa ya kutaja toleo, na sasa inataja programu, kwa hiyo toleo linakosa pa kukaa. Ikifika siku ya kurudi kwenye toleo la jana, hakuna la jana, lilifunikwa. Na aliyepewa ruhusa ya kupandisha api amepewa pia ruhusa ya kufunika malipo, maana ruhusa hutolewa kwa repo, haitolewi kwa tagi.

Tuje kwenye akaunti. Wengi wanaiona kama kitu cha kupandishia tu, kushusha ni bure bila kujitambulisha. Ilikuwa karibu hivyo hadi Novemba 2020, Docker Hub ilipoanza kuweka kikomo: asiyejitambulisha alipewa mara 100 za kushusha kwa kila saa sita, na mwenye akaunti ya bure mara 200. Kitu ambacho hakikusomwa vizuri ni jinsi wanavyohesabu. Asiyejitambulisha anahesabiwa kwa anwani ya IP. Ofisi nzima inayotoka nje kwa ruta moja ni mtu mmoja machoni pa Docker Hub, na ukiwa kwenye intaneti ya simu mara nyingi unashiriki anwani moja na wateja wengine usiowajua kabisa. Ndipo unapokuta umeshusha imeji mbili tangu asubuhi na unaambiwa "toomanyrequests". Ukiingia kwa akaunti yako unahesabiwa wewe kama wewe.

Lakini "akaunti yako" nimemaanisha yako. Akaunti moja ya Docker Hub inayotumiwa na ofisi nzima, nywila ikiwa imebandikwa kwenye kundi la WhatsApp, ndiyo kinyume cha maana ya akaunti. Mtu akiacha kazi, anaondoka na ufunguo wa repo zote. Mkibadilisha nywila, seva zote zinagoma. Nimekuta pia ofisi ambako jina la akaunti lilikuwa jina la fundi aliyeondoka, na imeji zote za kampuni zinaanza na jina lake. Jina la akaunti ya Docker Hub halibadilishwi. Njia ni kuhamisha imeji kwenye jina jingine na kurekebisha kila faili linalozitaja, kazi ambayo hakuna anayeitaka siku ya Ijumaa.

Kwa seva, tumia tokeni badala ya nywila. Unaitengeneza ndani ya akaunti, unaipa ruhusa ya kusoma tu, na ukiishuku unaifuta hiyo peke yake. Kwa nini nasisitiza: "docker login" kwenye seva ya kawaida ya Linux isiyo na programu ya kutunza siri huandika taarifa zako kwenye faili la ~/.docker/config.json kwa base64. Base64 si usimbaji wa siri. Yeyote anayeweza kulisoma faili anaifungua kwa amri moja.

Kuhusu tagi nitasema kidogo tu, maana ni somo lenye siku yake. Tagi inahama. Leo 1.4 inaelekeza imeji hii, kesho mtu akipandisha tena kwa 1.4 inaelekeza nyingine. Latest nayo haimaanishi mpya kuliko zote; ni tagi inayowekwa usipotaja tagi, na inaweza kuwa ya mwaka juzi. Kisichohama ni dijesti, alama ya kuitambulisha imeji, ile sha256 yenye herufi na tarakimu 64, kwa sababu inakokotolewa kutoka kwenye maudhui yenyewe. Rejistri kama Harbor na ile ya Amazon zinakuruhusu kuzifunga tagi zisifunikwe, na kama unayo nafasi hiyo itumie.

Kijana mmoja wa Moshi anayetengeneza mifumo ya hosteli za wapanda mlima aliniuliza kama afungue akaunti mpya kwa kila mteja, "ili repo zisichanganyikane". Hapana, kaka. Zisizochanganyikana ni repo, na hizo tayari ziko mbalimbali: jinalako/hosteli-api haigusani na jinalako/hosteli-tovuti hata zikiwa chini ya akaunti moja. Akaunti bakia na yako moja. Mteja akitaka imeji ziwe mali yake, yeye ndiye afungue akaunti au shirika kwenye rejistri anayoitaka, akualike, na wewe upandishe kwa jina lake ukiwa umeingia kwa lako. Na kama tatizo ni ile repo moja iliyofungwa, hilo ni suala la rejistri wala si la akaunti: GitLab, kwa mfano, inatoa rejistri kwa kila mradi, hata mradi uliofungwa.