Destroya si meli ya maangamizi

Nilikuwa kijiweni Majengo, hapa Dodoma, kikombe cha kahawa mkononi, na kijana mmoja alikuwa anatusomea habari kwenye simu: Marekani imepeleka "meli ya maangamizi" Bahari ya Shamu. Mzee aliyekaa pembeni yake akashusha kikombe. "Wanakwenda kuangamiza mji gani?" Hakuna aliyemjibu. Tafsiri hiyo ya neno la Kiingereza "destroyer", yaani destroya, nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara inamwachia msikilizaji hofu ya bure.

Destroya ni manowari ya ukubwa wa kati, yenye mbio, ambayo kazi yake kuu ni kulinda meli nyingine zisipigwe na ndege, makombora au nyambizi. Manowari za aina nyingine ni frigeti, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko hiyo, na kruza, ambayo ni kubwa, ingawa siku hizi mipaka imechanganyika na kila nchi huita meli yake inavyopenda. Maana ndiyo hiyo.

Kinachopotosha ni jina. Mwaka 1866 Robert Whitehead, fundi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Fiume, mji ambao leo ni Rijeka, Kroatia, alitengeneza topido, yaani kombora la majini, inayojiendesha yenyewe chini ya maji. Kabla yake, meli kubwa ya vita haikuwa na sababu kubwa ya kuogopa kijiboti. Baada yake, kijiboti chenye topido kingeweza kuinyemelea usiku na kuizamisha. Waingereza wakaunda meli nyepesi, zenye kasi kuliko viboti hivyo, ili zivisake. HMS Havock, mojawapo ya zile za mwanzo, ilishushwa majini mwaka 1893. Zikaitwa "torpedo boat destroyer", yaani meli ya kuangamiza boti za topido. Jina lilikuwa refu, likakatwa, likabaki neno la mwisho peke yake.

Huku Ugogoni jambo hili halihitaji maelezo mengi. Chukua kijana anayelala zizini na mkuki kwa sababu ya fisi. Ukimwita "muua fisi", kila mtu anaelewa yuko upande wa nani. Sasa ondoa fisi, mwite "muuaji" tu, halafu mpeleke kijiji wasichomjua. Watafunga milango. Ndivyo jina la meli hii lilivyokatwa, na anayelitafsiri kuwa "maangamizi" anamwondoa fisi mara ya pili.

Fisi wenyewe wamebadilika tangu wakati huo. Boti za topido zilipopungua zikaja nyambizi, kisha ndege, kisha makombora, na destroya ikabaki kwenye zamu ile ile. Kijana alinionyesha picha ya meli za aina ya Arleigh Burke, ambazo ya kwanza iliingia kazini mwaka 1991, akauliza silaha ziko wapi, maana mbele aliona mzinga mmoja tu. Huo ni wa milimita 127. Nikamkuzia picha mpaka ikaonekana miraba iliyopangwa sitahani kama vifuniko vya chemba. Chini ya kila kifuniko kuna shimo, na ndani yake kombora limesimama wima. Meli za matoleo ya baadaye zina mashimo 96. Makombora madogo ya kujikinga hupakiwa manne katika shimo moja. Yale mabamba ya pembe nane kwenye kuta za juu ni rada. Hayazunguki, kwa sababu yako manne na kila moja linatazama upande wake. Sona, chombo cha kunasa sauti majini, imefichwa kwenye uvimbe wa omo, chini ya maji, inasikiliza nyambizi. Mabaharia wapatao 300 hupokezana zamu humo usiku na mchana, miezi kadhaa mfululizo.

Siwezi kuficha kwamba baadhi ya mashimo hayo hubeba Tomahawk, kombora linalopiga nchi kavu umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Swali la mzee halikutoka hewani. Lakini Oktoba 2023, hapo hapo Bahari ya Shamu, USS Carney, destroya ya Marekani, ilikuwa ikitungua makombora na droni zilizorushwa kutoka Yemen, na Desemba HMS Diamond, destroya ya Uingereza, ikatungua droni iliyokuwa ikitishia meli za biashara. Hiyo ndiyo kazi iliyofanya ziundwe.

Tena lugha yetu haina upungufu hapa. Watu wa pwani walilichukua neno la mabaharia wa Kiingereza, "man-of-war", wakalifanya manowari, na katika neno hilo "man" haikuwa mtu bali meli. Ma- ya mwanzo si ya wingi, kwa hiyo hakuna "nowari" moja. Ni manowari moja, manowari kumi. Nalo hubeba meli zote za kivita, kubwa kwa ndogo.

Kwa hiyo nilimwambia kijana, bila kumkwaza, kwamba akikutana tena na habari ya namna hiyo asome "manowari" na itatosha. Akitaka kubainisha aina, aseme destroya, kama tunavyosema rada. Na mzee nikamwambia swali la kuanza nalo ni hili: imekwenda kusindikiza meli gani?