Wainuiti hawaishi katika nyumba za theluji

Wengi bado wanaamini kwamba Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali yenye baridi kali, huishi katika nyumba za theluji, na dhana hiyo inawavunjia heshima. Tazama Nain, mji wa pwani ya Labrador, Kanada, ulioanzishwa mwaka 1771 na wamisionari wa Moravian, kanisa lilelile la Mbeya na Tabora. Wainuiti wa hapo wanaishi katika nyumba za mbao zenye umeme. Hata zamani, nyumba za majira ya baridi za Wainuiti wa Labrador zilikuwa za udongo, mawe na mifupa ya nyangumi. Ya theluji ilikuwa hasa ya mwindaji aliye safarini.

Kinachonigusa zaidi ni jokofu la jamii mjini Nain: wawindaji huweka humo nyama na samaki, na wazee wasioweza tena kuwinda hupata chakula. Tangu 2005 Wainuiti wa Labrador wana serikali yao, Nunatsiavut.