Kwa nini nilimwita Rosa mjinga

Nakala yangu ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, imerudi wiki iliyopita baada ya kuzunguka darasani muhula mzima. Jalada lilikwisha kung'oka zamani. Nimeivalisha gazeti tangu nikiwa mwanafunzi, na gazeti lenyewe nimelibadilisha mara nne au tano. Nikaifungua pale ninapopafungua siku zote, penye Zakaria anamtandika binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Pembeni pana neno nililoliandika kwa penseli nikiwa na miaka kumi na saba: "Mjinga!" Safari hii chini yake nimekuta neno jingine, kwa kalamu ya bluu, mwandiko siujui: "Nani?"

Swali hilo linashinda mengi ninayoyatunga kwenye mitihani. Wakati ule nisingebabaika kulijibu. Mjinga alikuwa Rosa: alipokea barua, akaiacha ionekane, akajiponza. Zakaria, mlevi mwenye fimbo, sikumwandikia neno. Charles aliyeituma ile barua hata sikumwona. Nilikuwa nimemkasirikia msichana anayepigwa, na sikushangaa hata kidogo kwamba namkasirikia yeye.

Nafundisha fasihi mwaka wa kumi na nne sasa, na katika riwaya zote ninazofundisha hakuna zinazowachokoza wanafunzi kama riwaya za makuzi, zile zinazomfuata kijana kutoka utotoni hadi pale dunia inapomdai awe mtu mzima. Wengine huziita riwaya za malezi. Silipendi jina hilo. Malezi ni kazi ya mlezi, na humu habari ni ya anayelelewa, mara nyingi vibaya.

Wajerumani ndio walioupa utanzu huu jina linalotumika sana vyuoni, Bildungsroman, na kila anayelitaja humtaja Goethe na hadithi yake ya mwanagenzi Wilhelm Meister iliyotoka 1795 na 1796. Aliyelifafanua neno lenyewe mapema kabisa ni Karl Morgenstern, mwalimu wa chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu huko Estonia. Alitoa sababu mbili za kuziita hivyo. Ya kwanza utaikuta katika kila mwongozo: riwaya inaonyesha jinsi mhusika anavyofinyangwa akawa mtu. Ya pili huachwa nje, nami nilikutana nayo nikiwa tayari mwalimu: riwaya hiyo inamfinyanga na anayeisoma. Miaka mia mbili iliyopita, basi, huyu bwana alikwisha kumwingiza msomaji ndani ya maana ya utanzu. Mwanafunzi anapokasirika, kuona aibu au kukifunga kitabu kwa kishindo, hajatoka nje ya somo.

Darasani kwetu tunamfundisha kinyume chake. Tunampa fani na maudhui, dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, ufaafu wa jina la kitabu. Kuhusu Rosa niliandika kwamba "ni mfano wa msichana asiyejiheshimu, na mwandishi anawaonya vijana". Nilipewa kumi na sita juu ya ishirini. Hasira yangu ilikuwa imevalishwa suti ikaitwa dhamira, na hakuna aliyeniuliza imetoka wapi.

Nilianza kujiuliza mwenyewe kwa sababu ya kitabu kingine. Likizo moja ya Desemba binamu yangu alivuka mpaka wa Horohoro kutoka Mombasa na Siku Njema ya Ken Walibora kwenye begi. Kwao kilikuwa kitabu cha shule, yeye alikuwa amekichoka. Mimi nilikimaliza kwa siku mbili. Mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, anaanzia Tanga, na mimi ni mtu wa Tanga. Mama yake anaimba taarabu, na kwetu kulikuwa na kaseti nyingi za taarabu kuliko sahani. Mtoto anafiwa na mama, anaonewa, anaondoka kumtafuta baba Kenya. Kila hatua aliyopiga nilimpa haki. Nililia, nikaenda kunawa uso kisimani ili binamu asijue.

Sasa pima. Vijana wawili, wote wameumizwa na watu wazima waliopaswa kuwalinda. Mmoja nilimlilia, mwingine nikamwita mjinga. Sehemu ya sababu ni aibu yangu: Kongowea ni mvulana, na mimi nilikuwa mvulana. Sikatai. Lakini ninapowapa wanafunzi vitabu hivi viwili kwa pamoja, wasichana nao humhukumu Rosa, tena wakali kuliko wavulana. Kuna kitu kingine kinafanya kazi hapo, nacho ni cha kiufundi kabisa: nani anasimulia, na ametukalisha wapi.

Kongowea anajisimulia. Ukisikia "mimi" ukurasa wa kwanza umekwisha kuambiwa kwamba alivuka, maana angekufa njiani nani angesimulia? Yule mtoto anayeonewa na mtu mzima anayetueleza jinsi alivyoonewa wako ndani ya sentensi moja, na mkubwa anamfunika mdogo kama kanga. Akikosea, sababu tunayo kabla ya kosa. Hatupati nafasi ya kumsema kwa sababu tumekaa naye chumbani.

Rosa hasimulii. Kezilahabi amempa kazi hiyo msimulizi wa nafsi ya tatu, anayejua yote, mwenye ulimi mkavu, anayekwenda mbio. Anaingia nyumba hii, anatoka, anadokeza la jirani, anasonga mbele. Sisi wasomaji ametuweka barazani, na Rosa anapita mbele yetu kwenda mtoni. Watu wa barazani kazi yao inajulikana. Wakati naandika "Mjinga!" nilidhani nasoma kitabu, kumbe nilikuwa nimeshapewa kigoda na kikombe cha kahawa.

Nimeisoma tena mara nyingi tangu hapo. Mara ya pili, nikiwa chuo kikuu, niliona jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote: pale ambapo Zakaria hayupo, Rosa hana kitu cha kushika. Baba amemlinda kwa dawa moja tu, fimbo, na fimbo haisafiri kwenda shule ya bweni, wala haifiki chuoni Morogoro. Kwetu pwani wazee walilijua hilo zamani. Msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo, yaani kungwi wake, mvulana akatiwa jandoni, na unyagoni kulikuwa na nyimbo za mambo ambayo mama mzazi hawezi kuyataja mbele ya mwanawe. Sisemi kila lililofundishwa humo lilikuwa jema. Mengine nisingependa binti yangu ayasikie. Nasema palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukwambia. Nadhani riwaya ya makuzi ya Kiswahili imeota pale alipokosekana kungwi.

Ndiyo maana pia Rosa Mistika iliwatisha wakubwa. Ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania, halafu baada ya miaka ikaja kuwa kitabu cha kiada. Wanafunzi hucheka nikiwaambia. Mimi naiona ile marufuku kuwa hisia ya msomaji kama nyingine yoyote, ila huyu msomaji alikuwa na muhuri mezani.

Mwisho wake bado sijapatana nao. Rosa anapokufa, yeye na baba yake wanafikishwa mbele ya Mungu, na mashtaka yanasomwa huko. Nikiwa na miaka kumi na saba niliona ni kichekesho. Leo naona mwandishi amelazimisha, ila namwelewa zaidi: katika kitabu kizima hapakuwa na baraza duniani lililokuwa tayari kumsikiliza huyu binti akiongea, ikabidi amtafutie lingine juu. Ni pale tu, akiwa amekufa, anapopata nafasi ya kumshtaki baba.

Basi nini hufanyika darasani? Kanuni yangu ni fupi, na wanafunzi wanaiigiza kwa sauti yangu wakidhani siwasikii: "Mstari upi?" Mtu akisema amechukia, sawa, chukia, lakini tuonyeshe mstari. Hisia isiyo na mstari ni porojo. Mstari usio na hisia ni mwongozo wa mtihani, na hiyo inauzwa stendi.

Alhamisi jioni tuna kikundi cha kusoma, nje ya silabasi. Mwaka huu tumesoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ile ya 1994. Kwa asiyeijua: Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye nyumbani amezoeshwa kumwita kama mtu wa ukoo. Anapofika pwani dukani anamkuta Khalil, kijana aliyemtangulia, na Khalil ndiye anayemtobolea siri: huyu si ndugu yako. Baba yako ana deni lake. Wewe ni rehani.

Kijana mmoja wa mbele alisema kitabu kinaboa. Mstari upi? Akafungua safari ya bara, msafara wa biashara, kurasa na kurasa za kutembea, kuugua na kungoja. Nikamuuliza kinachoboa ni safari au nini. Akafikiri. "Yusuf hafanyi kitu, Mwalimu. Anabebwa tu." Nikaandika ubaoni maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu hakuna mhakiki atakayenieleza vizuri zaidi. Rehani haina miguu. Inachukuliwa, inawekwa, inahamishwa. Gurnah amesimulia katika nafsi ya tatu kama Kezilahabi, lakini amemfunga msimulizi kwenye macho ya mtoto: tunajua kile anachokijua Yusuf, kwa kiasi anachokijua Yusuf. Kwa hiyo uchovu wa yule kijana ulikuwa usomaji sahihi. Alikuwa amechoka uchovu wa Yusuf.

Juu ya mwisho tuligombana hadi mlinzi akaja kufunga madarasa. Vita vya Wajerumani na Waingereza vinakaribia, kikosi cha askari kimepita na kuacha kinyesi chake, mbwa wanakila, na Yusuf anajiona katika wale mbwa. Kisha anageuka kutazama nyuma, halafu anakikimbilia kikosi. Je, amekua? Wilhelm wa Goethe anaishia mikononi mwa watu wanaompokea, na mchumba juu. Yusuf anakimbilia bunduki za watu wengine. Wavulana wengi walisema huo ndio uamuzi wake wa kwanza wa kiume. Mimi sikubali, na niliwaambia. Naona ametoka rehani moja akaingia nyingine, na askari wa Mjerumani hakuwa mtu huru. Hawakushawishika. Sikupenda kushindwa, lakini walikuwa na mistari yao.

Msichana mmoja hakuwa amesema neno jioni zote tatu. Anakaa karibu na dirisha, anaandika sana, haonyeshi. Walipokuwa wakibishana ni lini hasa msomaji anagundua kuwa Yusuf ameuzwa, wengi wakashikilia pale Khalil anapofunua siri. Akanyoosha mkono.

"Mimi nilijua kabla."

Mstari upi?

Akarudisha kurasa hadi mwanzoni kabisa, kabla ya treni, nyumbani kwa wazazi, pale ambapo Aziz akija kutembea humpa mtoto sarafu. Mvulana anazisubiri zile sarafu. Msomaji wa kawaida anamwona mgeni mkarimu. Mimi mwenyewe miaka yote niliisoma hivyo, tena nikafurahi pamoja na mtoto.

"Mtu akija kwenu anakupa hela wewe, mama hampi," akasema, "anakuzoesha."

Darasa likatulia. Baadaye, tukikusanya viti, aliniambia kidogo tu, na hicho kidogo nakifupisha: alipokuwa darasa la tano alipelekwa mjini kwa ndugu akasome, na kwa miaka miwili hakuiona shule ila kwa kumpeleka mtoto wa mwenye nyumba. Alinieleza kama mtu anayetaja namba ya basi. Nikatafuta la kusema, nikaishia kusema pole, mwanangu.

Akaitikia ahsante. Kisha akauliza kama anaweza kukaa na kitabu hadi Jumatatu. Jumamosi ni siku ya wazazi, na mama yake anakuja.