Maili 200 za baharini haziji mpaka Mwanza

Kila nikifika Mwaloni pale Kirumba, wavuvi wakijua nashughulika na sheria za bahari, swali ni lilelile: mbona baharini nchi inapewa maili 200, sisi huku ziwani ukivuka kidogo tu unakamatwa?

Iko hivi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ni wa 1982, ukaanza kutumika 1994, na unahusu bahari. Maili 12 za kwanza ni mali ya nchi kabisa, halafu mpaka maili 200, yani kama kilomita 370 hivi, nchi ina haki ya samaki, inapanga wavuliwe kiasi gani na leseni apewe nani. Ziwa Victoria halimo humo. Lenyewe limegawanywa na mipaka ya enzi za wakoloni, sisi na Uganda tunaachana kwenye latitudo ya digri 1 kusini mwa ikweta, kwa hiyo maji ya katikati yasiyo na mwenyewe hayapo, ukitoka Tanzania umeshaingia kwa mwenzako, sawa na kuvuka Mutukula bila kugonga mhuri.

Sasa kinachoniuma ni kifungu cha 73. Meli ya kigeni ikikamatwa inavua jodari kwa wizi ndani ya zile maili 200, mkataba unasema nchi yake iambiwe mara moja, ikiwekwa dhamana ya kueleweka meli na mabaharia waachiwe haraka, na kifungo hakuna mpaka nchi husika ziwe zimekubaliana. Wakigoma kuwaachia, kesi inaweza kupelekwa mahakama ya bahari kule Hamburg. Mvuvi wa Ukerewe aliyetega nyavu za sangara jioni kwetu, usiku upepo ukazisukuma ng'ambo, kinga hiyo hana! Injini inachukuliwa, nyavu na samaki vinaenda, yeye yuko ndani na nyumbani hawajui hata yuko nchi gani.

Nchi zetu tatu, sisi, Uganda na Kenya, zina Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, liliundwa kwa mkataba wa 1994 na makao yake yako Jinja, na mi naona huko ndo pa kuanzia, tukubaliane dhamana ijulikane ni shilingi ngapi, injini ikishikwa itolewe risiti, na BMU, yani kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, ya kule anakotoka mvuvi ipigiwe simu siku hiyohiyo.

Kwa leo, ndugu zangu mnaovua juu huko, washeni GPS ya simu kabla hamjatega, latitudo ikianza kukaribia 1.00 kusini rudini chini, na upepo wa usiku muupigie hesabu.