Sanaa ya kisasa ya familia na asili: maana yake

Mtu akisikia habari ya sanaa inayohusu familia na asili, huenda akawaza picha ya baba, mama na watoto waliokaa chini ya mti. Dhana hii ni nyingine. Ni kazi za sanaa za zama zetu ambamo udongo, mti, maji au mnyama ndiyo lugha ya msanii anaposema juu ya uzazi, kutengana na kurithishana. Kipimo chake ni rahisi: viondoe vitu hivyo vya asili, kisha uone kama habari ya familia inabaki ilivyo. Ikibaki, basi vilikuwa pambo tu.

Msanii Ana Mendieta alizaliwa Havana, Kuba, mwaka 1948. Mwaka 1961, akiwa na miaka 12, alipelekwa Marekani pamoja na dada yake, wazazi wakabaki nyuma. Ukubwani, kati ya 1973 na 1980, alifanya mfululizo wa kazi uitwao Silueta. Aliacha umbo la mwili wake kwenye matope, mchanga au majani. Mara alilijaza maua, mara akaliwasha moto, mara akaacha mawimbi yalifute. Zimebaki picha na filamu fupi tu. Mwenyewe alieleza kwamba kuungana na ardhi hivyo kulikuwa kurudi kwenye chimbuko la uzazi. Ukikumbuka yule mtoto aliyeondolewa kwao, lile shimo lenye umbo la mtu linaumiza kweli.

Louise Bourgeois alipitia kwa mnyama. Sanamu yake Maman (yaani "Mama" kwa Kifaransa) ya 1999 ni buibui wa chuma mwenye urefu wa zaidi ya mita 9, amebeba mayai ya marumaru. Mama yake Bourgeois alikuwa akitengeneza upya vitambaa vya ukutani vilivyochakaa; buibui naye hufuma utando wake na kuufuma tena. Anatisha, na ndivyo alivyo mama anayelinda mayai.

Lakini kazi ninayoiona kuwa kamili kuliko zote ni ya Agnes Denes, huko Ylöjärvi, Ufini. Kati ya 1992 na 1996, kwenye eneo lililochimbwa kokoto, watu 11,000 walipanda miti 11,000 juu ya kilima kilichojengwa kwa ajili hiyo. Kila mpandaji alipewa hati ya mti wake, ya kurithishwa kizazi hadi kizazi kwa miaka 400. Bila wajukuu na vitukuu kazi hii haitimii, kwa hiyo familia si mada yake tu, ni sehemu ya muundo wake.

Tusiichanganye dhana hii na sanaa ya ardhi kwa jumla, yaani kazi zinazofanywa kwenye ardhi yenyewe. Nguzo 400 za chuma alizosimamisha Walter De Maria jangwani New Mexico mwaka 1977 zinahusu anga, mwanga na ukubwa wa nchi. Mambo ya ukoo hayamo.