Ukimuuliza Mama, Ukimuuliza Kijana

Ripoti mpya kuhusu vijana ikitoka, watu wengi hukimbilia asilimia. Mimi huanzia kurasa za mbinu, zile ambazo hakuna anayezisoma, nikitafuta jambo moja tu: nani aliyeulizwa? Mama, au kijana mwenyewe? Kazi yangu ni utafiti wa familia hapa Nairobi, na karibu kila mara ninapokuwa na majibu ya wote wawili, hayafanani. Wahariri na wafadhili wakiona hivyo huuliza ni nani anayedanganya. Kwa kawaida, hakuna.

Kuna hojaji moja inayotumika sana duniani kupima hisia na tabia za watoto. Ilitungwa na Robert Goodman, daktari wa akili za watoto wa London, ikachapishwa mwaka 1997. Ina sentensi 25, na kila moja hujibiwa si kweli, kweli kiasi, au kweli kabisa. Mzazi ana nakala yake na kijana wa miaka 11 hadi 17 ana yake, mambo ni yaleyale ila nafsi imebadilishwa. Ukirudi ofisini unaziweka sambamba. Mama kasema mwanawe ni mkaidi kidogo lakini mchangamfu. Mwana kajaza kwamba ana wasiwasi mwingi na mara nyingi hana raha. Ukaidi wameuona wote wawili, kwa sababu ukaidi una kelele. Huzuni haina.

Wala si mambo ya Nairobi peke yake. Mwaka 1987 Thomas Achenbach na wenzake wawili nchini Marekani walikusanya tafiti 119 ambamo watu mbalimbali waliulizwa kuhusu mtoto mmoja. Katika kipimo cha uwiano, 0 maana yake majibu hayahusiani kabisa na 1 maana yake yanakwenda pamoja moja kwa moja. Watu wa nafasi moja, kama baba na mama, walipata wastani wa 0.60. Watu wa nafasi tofauti, kama mzazi na mwalimu, 0.28. Mtoto mwenyewe na wale wanaomtazama, 0.22. Mwaka 2015 Andres De Los Reyes na wenzake walichambua tafiti nyingine 341, na wastani wa watu wa nafasi tofauti ukatoka tena 0.28. Hojaji zimeboreshwa, wahojaji wamefunzwa vizuri zaidi, kompyuta zimekuja, na namba haijasogea. Jambo lisilosogea hivyo si kosa la vipimo. Mwalimu anamjua mtoto wa darasani, mama anamjua wa jioni, na mtoto peke yake ndiye anayejua wa usiku wa manane.

Sasa lete hayo mtaani kwetu. Mama anayefua nguo za watu Eastleigh au anayewahi Marikiti kununua mboga za kuuza ameondoka kabla mtoto hajaamka. Akirudi, kuna chakula cha kupika, na homuwek ya mdogo. Ukimuuliza kama anajua kijana wake anakoshinda baada ya shule, atakujibu anajua, na mara nyingi ni kweli. Swali linalonivutia ni amejuaje.

Hapo utafiti mmoja wa Sweden ulitutikisa wengi wetu katika fani hii. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha matokeo kutoka kwa vijana 703 wa miaka 14 na wazazi wao. Kabla ya hapo kila kitabu kilisema kuwa mzazi anayefuatilia mtoto wake humkinga na utukutu. Wao wakauliza hayo maarifa ya mzazi yanatoka wapi: anauliza maswali, anaweka masharti ya kutoka, au mtoto anasimulia mwenyewe kwa hiari? Ikaonekana kwamba sehemu kubwa inatoka kwenye hiari ya mtoto. Tulichokuwa tukikiita ufuatiliaji kilikuwa, kwa kiasi kikubwa, mtoto kuamua kuzungumza.

Sweden si Korogocho, mtaa wetu wa mabanda hapa Nairobi, najua. Hapa jirani anafuatilia, shosho anafuatilia, hata mwenye duka anafuatilia, na habari za kijana zinaweza kumfikia mama kupitia midomo mingine kabisa. Lakini swali lao linasafiri vizuri. Mama wa kibarua ambaye yuko nje kutwa, na ambaye binti yake humsimulia kila kitu wakikata sukuma wiki, anaweza kujua zaidi ya baba anayefanya kazi nyumbani na kukagua simu. Kwa hiyo napata ukakasi ninaposikia mikutano ya malezi ikiwahimiza wazazi kuuliza zaidi na kubana zaidi. Pengo kati ya majibu ya mama na ya mwana linaonyesha ni mambo gani hayasemwi katika nyumba hiyo. Ukitafuta wastani wa majibu mawili ili upate namba moja safi, umelifuta.

Halafu kuna suala la chumba. Familia nyingi tunazozitembelea zinaishi katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, kitanda upande mmoja na jiko upande wa pili, pazia katikati. Utamuuliza kijana kuhusu kipigo wapi? Wahojaji wetu humwomba watembee hadi ukumbi wa kanisa au benchi nje ya shule. Ikishindikana, wanampa tabuleti na vipokea sauti, asikilize swali na kubonyeza jibu bila yeyote kusikia. Na mzazi akisogea ghafla, mhojaji huwa na ukurasa wa akiba wenye maswali ya chakula na masomo, anarukia huko bila kubadilisha sauti. Sio ujanja wa kumhadaa mama. Ni kanuni ya usalama katika tafiti za ukatili, kwa sababu swali lenyewe likisikika linaweza kumletea kijana kipigo kingine usiku huo.

Tafiti za kitaifa za ukatili dhidi ya watoto, za 2010 na 2019, zilifuata mkondo huo. Waliohojiwa ni vijana wenyewe, wa miaka 13 hadi 24, na maeneo ya wasichana yalitengwa na ya wavulana ili aliyetenda ukatili asijikute akihojiwa mlango wa pili. Kati ya wenye miaka 18 hadi 24 mwaka 2010, asilimia 73 ya wanaume na 66 ya wanawake walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili utotoni. Mwaka 2019 zilikuwa 51.9 na 38.8. Ni nafuu kubwa. Lakini usizilinganishe na zile tafiti za kaya ambazo mama huulizwa kuhusu mtoto wake mmoja na mwezi mmoja uliopita. Hizo zinapima kitu kingine, na zinamuuliza mtu ambaye huenda ndiye aliyeshika mwiko.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa 2022, uliwahoji wote wawili, kijana na mlezi wake mkuu. Namba iliyosambaa ni 44.3, asilimia ya waliokuwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Waliofikia vigezo vya ugonjwa ni 12.2. Mitandaoni zote mbili ziligeuka kuwa "nusu ya vijana wetu ni wagonjwa." Hapana.

Na huyo mlezi ni nani? Kwa takwimu, kaya ni watu wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja. Sensa ya 2019 iliipa Nairobi wastani wa watu 2.9 kwa kaya, nchi nzima ikiwa 3.9. Wapangaji wanaoishi peke yao ni wengi, ndiyo, lakini vilevile familia zimegawanyika. Katika mtaa wa mabanda uitwao Viwandani, ambako pamoja na Korogocho watafiti walianza kufuatilia kaya kwa kaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, utakuta baba anafanya kazi kiwandani huku mke na watoto wako ushago, yaani kijijini. Ukibisha hodi na kumuuliza kuhusu mwanawe wa miaka 15, anakueleza alichoambiwa kwa simu Jumapili. Ni mzazi halisi, anatuma karo, na hajamwona mtoto tangu Pasaka.

Upande wa pili ni vijana wenyewe wasiopatikana, kwa kuwa wako bweni. Utafiti wa kaya unaofanywa katikati ya muhula huwakosa wengi wa sekondari na kubaki na waliokosa karo, waliofukuzwa na wa shule za kutwa. Matokeo yatakuwa ya kusikitisha kuliko hali ilivyo. Kwa hiyo ratiba zetu za nyanjani hufuata likizo, Aprili na Agosti hasa. Desemba tumeacha kujaribu: ploti nzima imepanda mabasi kwenda ushago, na anayebaki kujibu hojaji ni mlinzi wa geti.