Je, wajua kwa nini mgonjwa wa ini hupewa kidonge kisicho na dawa?

Jioni moja barazani Mkomani, Lamu, bibi yangu alisikia kwamba wanapojaribu dawa mpya ya ini, baadhi ya wagonjwa hupewa kidonge kitupu. "Mjukuu wangu, si wameachwa wafe hao?" Nikamjibu kuwa ndivyo. Haikuwa kweli, na ilinibidi nirudi kumsahihishia.

Ugonjwa wenyewe, PBC, ni nadra: kinga ya mwili hushambulia mirija midogo ya nyongo ndani ya ini. Takribani 9 kati ya wagonjwa 10 ni wanawake. Hausababishwi na pombe, ingawa hadi 2015 jina lake lilibeba neno "sirosisi", yaani makovu ya ini ambayo watu huyahusisha na pombe, likawatia wengi aibu isiyo yao.

Tazama mitaro ya vichochoro vyetu. Mtaro ukiziba, maji hurudi nyuma, ukuta ukayanywa, unyevu ukapanda mpaka chokaa ibanduke. Nyongo nayo ikikwama huunguza ini, na kimeng'enya kiitwacho fosfatesi alkali huzidi damuni. Hicho ndicho unyevu wa ukutani. Tiba ya kwanza, asidi ya ursodeoksikoliki, hupunguza ukali wa nyongo; lakini kwa baadhi ya wagonjwa ukuta hauachi kulowa.

Hao ndio huitwa kujaribu dawa mpya. Katika jaribio la elafibranori, mojawapo ya dawa hizo, walikuwa 161: 108 walipata dawa, 53 kidonge kitupu. Nilichokuwa sikijui ni hiki: karibu wote, wa pande zote mbili, waliendelea kumeza asidi ile ile. Kidonge kitupu hakikuchukua nafasi ya tiba. Kiliongezwa juu yake, ili ionekane dawa mpya inaongeza nini. Baada ya wiki 52, vipimo vya damu vilifikia lengo kwa asilimia 51 ya waliopata dawa, na asilimia 4 tu ya wenzao.

Hata hivyo, unyevu kupungua si hakika kwamba nyumba itasimama. Asidi ya obetikoliki, dawa nyingine ya PBC, iliidhinishwa Marekani 2016 kwa kipimo hicho hicho cha damu. Jaribio refu lililofuata, la kuhesabu vifo na upandikizaji wa ini, halikuonyesha faida, na 2025 ikaondolewa sokoni huko. Tatizo moja la jaribio hilo: dawa ilikuwa tayari inauzwa, na baadhi ya waliopangiwa kidonge kitupu walijitoa wakaitumia.

Bibi alinyamaza kidogo. "Sasa dawa ikishafika dukani, nani atakubali kubaki na kitupu?"

Elafibranori iliidhinishwa Marekani 2024. Jaribio lake refu linakabiliwa na swali hilo hilo la bibi.